Mjane Aliyetia Sahihi Kabla ya Kuolewa

Juma hili nataka tuzungumze juu ya karatasi moja.

Karatasi hiyo niliwekewa mezani jioni ya Jumapili. Aliyeileta ni mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa, anayeuza vitenge Kariakoo. Alikuwa amebakiza wiki sita afunge ndoa kanisani. Aliingia, akanipa shikamoo, akaketi bila kuvua mkoba begani. Nikajua ana jambo.

"Mjomba," akasema, "mchumba wangu anataka nitie sahihi hapa. Anasema ni utaratibu tu."

Ilikuwa mistari minane iliyochapwa vizuri. Ilisema kwamba yeye, fulani binti fulani, akiwa na akili timamu na bila kulazimishwa na mtu, anakubali kwamba endapo mume wake atatangulia kufa, hatadai chochote katika mirathi yake: si nyumba, si kiwanja, si fedha. Chini palikuwa na nafasi ya sahihi yake, sahihi ya shahidi na tarehe. Nafasi ya sahihi ya mwanamume haikuwapo.

Nisimsingizie mchumba yule. Si mtu mbaya. Ni mgane mwenye watoto watatu wakubwa, na ana nyumba Tabata ambayo yeye na marehemu mkewe waliijenga kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba. Watoto wale walikuwa wameanza kunong'ona kwamba mama mdogo anakuja kurithi jasho la mama yao. Baba akatafuta njia ya kuwatuliza, na njia aliyoiona ni karatasi.

"Mjomba," mpwa wangu akaniuliza, "nikitia sahihi, inashika? Na akifa kweli, mimi nakwenda wapi?"

Mimi si mwanasheria. Ninyi mnaonisikiliza kila wiki mnajua kazi yangu ni kupekua yaliyopita. Nikamwambia, "Niachie siku chache, mwanangu." Niliyoyakuta katika siku hizo ndiyo ninayowaletea leo, kwa sababu hapana shaka yeye si wa kwanza kuletewa karatasi kama ile, wala hatakuwa wa mwisho.

Tuanzie mbali kidogo, Uingereza, kwa kuwa ndiko karatasi hii ilikoanzia safari yake ya kuja kwetu.

Katika Uingereza ya kale mjane alikuwa na haki ya fungu katika ardhi ya marehemu mumewe. Alikaa juu ya fungu hilo na kula mazao yake maisha yake yote, na akifa ardhi inarudi kwa warithi wa mume. Hati kubwa ya haki ambayo mfalme John alilazimishwa na mabwana wake kuikubali mwaka 1215 inamtaja mjane: apewe haki yake bila kutozwa chochote, na aruhusiwe kukaa katika nyumba ya mumewe siku 40 baada ya kifo wakati fungu lake linapangwa. Hati hiyo ilipotolewa upya mwaka 1217, fungu lilitajwa kuwa theluthi. Tafadhali ishikeni theluthi hiyo, maana tutakutana nayo tena hapa kwetu.

Basi, wenye ardhi wakabuni ujanja. Mtu aliiandikisha ardhi yake kwa jina la marafiki zake, wakaishika kwa amana, naye akaendelea kula mazao yake. Alipofariki, mbele ya sheria hakuwa na ardhi. Mfalme akakosa ushuru wake, na mjane naye akakosa theluthi yake, kwani theluthi ya kitu kisichokuwapo ni kitu gani?

Wazazi wa mabibi harusi hawakukubali binti zao waachwe hivyo. Wakaanza kudai kwamba kabla ya ndoa kufungwa, mume atenge kipande maalumu cha ardhi, chenye mipaka inayojulikana, ambacho binti yao atakikalia akifiwa. Kwa hiyo mapatano ya kwanza ya aina hii yalidaiwa na upande wa mwanamke, na yalikuja ili mjane apate kitu cha uhakika.

Mwaka 1536, katika utawala wa mfalme Henry wa Nane, Bunge lilitunga sheria ya kuvunja ujanja ule wa amana. Sheria ikasema kwamba anayekula mazao ya ardhi iliyowekwa amana ndiye mwenye ardhi. Mfalme akarudishiwa ushuru wake. Lakini hapo likazuka jambo jingine. Mjane ambaye alikwisha kutengewa kipande chake kwa mapatano angeweza sasa kudai na theluthi pia, akala mara mbili. Ndipo Bunge likaongeza maneno haya, nayasema kwa muhtasari: mwanamke aliyetengewa ardhi kabla ya ndoa kwa ajili ya ujane wake, asidai theluthi. Aliyetengewa baada ya ndoa, yeye atachagua mwenyewe siku mumewe atakapokufa: achukue alichotengewa, au akikatae na kudai theluthi.

Tazameni walivyotofautisha kabla na baada. Mantiki yao ilikuwa kwamba kabla ya ndoa mwanamke bado yuko kwao, ana baba na kaka wa kumsemea, anaweza kukataa na posa ikavunjika. Baada ya ndoa yuko chini ya mkono wa mume, na sahihi atakayoitia huenda si yake. Unaweza usikubaliane nao, lakini walikuwa wamefikiri.

Tazameni pia jambo la pili, ambalo kwangu ndilo kubwa. Kilichomfungia mjane theluthi hakikuwa neno lake la kusema "sidai". Kilichomfungia ni ardhi aliyopewa badala yake. Sheria ile ile ilisema kwamba mjane akinyang'anywa kihalali ile ardhi aliyotengewa, kwa mfano kama mume alitenga kisichokuwa chake, basi arudi kwenye mali nyingine ya mumewe na afidiwe kiasi alichokosa. Kwa lugha ya sokoni, bila kupokea hakuna kuacha.

Sisemi kwamba ilikuwa sheria ya malaika. Mwaka 1762 Bunge la Malodi, ambalo ndilo lilikuwa mahakama ya juu kabisa kule, liliamua kesi ya mjane wa familia ya Drury. Aliwekewa mapatano ya namna hii akiwa hajatimiza miaka 21, yaani mtoto mbele ya sheria ya siku zile. Alipofiwa, alidai theluthi yake, akasema kwamba mtoto hawezi kufungwa kwa mapatano. Jaji wa kwanza alimkubalia. Malodi wakatengua hukumu: alichotengewa kinatosha, umri wake hauhusu. Kwa hiyo hata enzi zile za kupokea badala, sauti ya bibi harusi mwenyewe ilikuwa ndogo. Waswahili husema asiyekuwapo na lake halipo. Yeye alikuwapo, lakini lake bado halikuwapo.

Kisha ikaja karne ya 19, na mambo yakageuka. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomruhusu mume kuifuta theluthi ya mkewe kwa kuandika tu katika hati au wosia. Hakutakiwa kutoa kitu badala yake, wala kumwuliza. Kuanzia hapo Mwingereza aliweza kufa tajiri na kumwachia mjane wake mikono mitupu, na mahakama isiwe na la kufanya. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 100. Mwaka 1938 ndipo Bunge lao lilipoona aibu na kutunga sheria ya kuipa mahakama uwezo wa kumkatia mjane riziki kutoka mali ya marehemu, hata kama wosia umemruka.

Kwa nini nawasimulia ya 1833 na 1938? Kwa sababu katikati ya miaka hiyo miwili, mwaka 1865, Waingereza waliiandikia India sheria ya mirathi. Rasimu yake ilitayarishwa na tume iliyokaa London, nayo ikapitishwa huko India. Haikuwahusu Wahindu wala Waislamu, ambao waliachiwa sheria zao. Iliwahusu hasa Wakristo na wengine waliobaki. Sheria hiyo ilisema kwamba mtu akifa bila wosia, akaacha mjane na watoto, mjane apate theluthi na watoto wapate theluthi mbili. Kama hakuna watoto wala wajukuu ila ndugu wengine, mjane apate nusu. Hiyo ndiyo theluthi yetu ya mwaka 1217, imevuka bahari, na safari hii si ya kula mazao tu bali ya kumiliki kabisa. Ni jambo jema.

Lakini ndani yake waliingiza sentensi moja fupi ya maelezo. Ilisema kwamba mjane hatapata fungu hilo ikiwa, kwa mkataba halali uliofanywa kabla ya ndoa yake, aliondolewa katika fungu lake la mali ya mume.

Isomeni tena polepole. Inataja mkataba, inataja kabla ya ndoa, inataja kuondolewa. Haitaji kupewa. Ile ardhi yenye mipaka, ile fidia ya aliyenyang'anywa, vyote vimebaki London. Kilichopanda meli ni nusu ya pili ya mapatano, ile ya kuacha. Nusu ya kwanza, ile ya kupokea, ilisahaulika bandarini.

Kutoka India kuja kwetu haikuwa mbali. Waingereza waliotawala Afrika Mashariki walileta sheria nyingi za India pamoja na reli, rupia na makarani. Sheria ya mirathi ya 1865 ilifika katika nchi ambayo baadaye ikaitwa Kenya. Tanganyika nayo, baada ya Mjerumani kuondoka, iliipokea kwa sheria ya mwaka 1920 ya kutumia sheria za India. Haikukusudiwa kwa Waafrika wengi, kwani sisi tuliambiwa tuna mila zetu. Hata hivyo ilibaki vitabuni, na baada ya Uhuru mahakama za Tanzania zimeendelea kuitumia kwa marehemu ambaye maisha yake yanaonyesha kwamba aliachana na mila, hasa Wakristo wa mijini. Mahakama hutazama aliishi vipi, alifunga ndoa gani, alizikwaje, alitaka nini.

Sasa mnaona kwa nini ile karatasi ya mpwa wangu ilinikosesha usingizi. Wanandoa wa kanisani, wa Dar es Salaam, wenye nyumba Tabata, wangeweza kabisa kuangukia chini ya sheria hiyo. Na ndani ya sheria hiyo kuna sentensi inayoweza kuipa nguvu mistari minane isiyotoa kitu chochote.

Wenyewe waliotuazima sentensi hiyo wamekwisha kuitupa. India iliandika upya sheria yake ya mirathi mwaka 1925 na sentensi ikabaki, katika kifungu cha 32. Lakini mwaka 2002 Bunge la India liliifuta. Tangu hapo mjane wa Kikristo wa India haambiwi tena kwamba karatasi ya kabla ya ndoa imemla fungu lake. Kenya nayo iliiacha sheria ya 1865 siku sheria yake mpya ya urithi, iliyopitishwa mwaka 1972, ilipoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Sheria hiyo ya Kenya inamweka mke katika orodha ya wategemezi ambao, wakiachwa bila riziki ya kutosha, wanaweza kwenda mahakamani na kukatiwa kutoka mali ya marehemu. Aidha, mwaka 2013 Kenya ilitunga sheria ya mali ya wanandoa inayowaruhusu wachumba kufanya mapatano ya mali kabla ya ndoa. Lakini ikaweka mlango wa kutokea: mahakama inaweza kuyatengua mapatano hayo ikiona yalitokana na ulaghai au shuruti, au kwamba ni ya dhuluma iliyo wazi.

Kwetu Tanzania, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema kwamba ndoa yenyewe haibadilishi umiliki wa mali, isipokuwa wahusika wamepatana vingine. Maana yake mapatano baina ya mume na mke si jambo geni katika sheria yetu. Lakini sheria ile inahusu ndoa na kuachana. Kifo kimeachiwa sheria za mirathi, nazo ni tatu: hiyo ya India, ya Kiislamu, na ya mila.

Wengine mtasema, "Mzee, hayo ya mikataba ni ya watu wa maghorofani. Sisi wa kawaida tuna mila." Haya, tuitazame mila. Mwaka 1963 Serikali iliandika sheria za mila na kuzitangaza rasmi. Katika sehemu ya mirathi ilielezwa kwamba mjane hana fungu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake, kama yeye alivyowatunza. Mjane wa mila hana haja ya kuletewa karatasi, ndugu zangu. Mila iliyoandikwa imekwisha kumtilia sahihi. Wajane wawili wa Shinyanga walipinga kanuni hizo Mahakama Kuu na hawakufaulu. Wakaenda mbele, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake ilitamka kwamba Tanzania imevunja haki zao.

Kinyume chake ni sheria ya Kiislamu, inayotumika kwa ndugu zetu wengi wa mwambao na mijini. Huko mafungu yamepangwa na Kurani yenyewe. Mjane hupata thumni kama marehemu ana mtoto, au robo kama hana, na wajane wakiwa zaidi ya mmoja hugawana fungu hilo hilo. Je, mwanamke anaweza kulisamehe fungu lake kabla ya mume kufa? Jibu la jumla la wanazuoni ni hapana, kwa sababu haki ya mrithi huzaliwa siku ya kifo. Huwezi kutoa kitu ambacho hakijawa chako. Baada ya kifo, hapo ndipo mrithi anaweza kupatana na wenzake atoke katika mirathi, na kwa kawaida hutoka akiwa amepewa kitu. Mnaona tena? Kuacha na kupokea vinakwenda pamoja.

Jambo la ajabu ni kwamba Wamarekani nao, kwa njia yao, walifika karibu na hapo. Mwaka 1984 Bunge lao lilitunga sheria kuhusu pensheni za makampuni. Ilisema kwamba mfanyakazi akifa, mwenzi wake aliyebaki ana haki katika pensheni hiyo, na haki hiyo haiondoki mpaka mwenzi mwenyewe aikatae kwa maandishi, mbele ya ofisa anayeshuhudia. Mwaka 1992 mahakama ya rufani ya huko New York ilipata kesi ya mjane ambaye alikuwa ametia sahihi mapatano kabla ya ndoa. Majaji wakasema karatasi hiyo haitoshi kumwondolea pensheni. Siku aliyotia sahihi alikuwa mchumba, na sheria inataka ridhaa ya mwenzi. Waingereza wa 1536 walisema ya kabla ya ndoa ndiyo inayofunga. Hawa, kwa pensheni zao, wakasema ya kabla ya ndoa haifungi.

Basi, baada ya kuzunguka huko kote, nilimwita mpwa wangu. Nikamwambia, "Mwanangu, siwezi kukuahidi hakimu atasema nini. Hilo kamwulize wakili, na umwulize kabla ya kutia sahihi, si baada. Lakini watu wamebishana juu ya karatasi hii kwa karne nyingi, na mimi katika ubishi wao naona maswali matatu. La kwanza: umetia sahihi lini, na ulikuwa na nafasi ya kusema hapana? La pili: ulijua unaacha nini? La tatu: umepewa nini badala yake?"

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "La kwanza, kadi zimekwisha kugawanywa, mjomba. Nikisema hapana leo, mama atajificha wapi? La pili, sijui ana nini, sijawahi kumwuliza. La tatu, hakuna."

"Basi unayo majibu yako," nikamwambia.

"Lakini mjomba, mimi sitaki nyumba ya yule mama. Kweli kabisa. Nisingelala usingizi katika nyumba ambayo wanawe wananiona mwizi."

Wasikilizaji, maneno hayo yalinipa heshima kwake, na yalinipa pia ufumbuzi. Kumbe hata yeye alikuwa upande wa watoto wale. Nikamshauri asiichane karatasi, bali airudishe iandikwe upya, na iandikwe wakiwa wamekaa wote: yeye, mchumba wake, na mtoto mkubwa wa yule mgane. Nikamwambia aseme waziwazi, "Ya mama yenu ni yenu. Mimi je?"

Walikaa. Haikuwa rahisi. Niliambiwa kwamba mtoto mkubwa alinuna saa nzima, na kwamba baba mtu alisema maneno ya "unanikadiria kifo" ambayo wanaume hupenda kuyasema, ingawa ni yeye aliyeanza kuandika habari za kifo. Mwishowe walipatana hivi. Nyumba ya Tabata ni ya watoto watatu wa mke wa kwanza, na mpwa wangu hataidai. Lakini akifiwa akiwa anaishi humo, hatatolewa mpaka mwaka mmoja upite. Kiwanja ambacho mchumba alikuwa amekinunua Kibaha kikahamishiwa kwa jina la mpwa wangu, si kwa ahadi bali kwa hati, kabla ya harusi. Mali watakayoipata pamoja baada ya ndoa haimo katika mapatano, itafuata sheria. Hayo yote yakaandikwa na wakili, wakatia sahihi wote wawili, mbele ya mashahidi, na kila mmoja akabaki na nakala. Mgane yule akaandika na wosia unaolingana na mapatano hayo, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari.

Tazameni walichokifanya bila kujua. Waliirudisha ile nusu iliyosahaulika bandarini. Kile kiwanja cha Kibaha ndicho ile ardhi yenye mipaka ambayo wazazi wa mabibi harusi walikuwa wakiidai kabla ya 1536. Ule mwaka mmoja wa kukaa ndani ni zile siku 40 za mwaka 1215, zimerefushwa kidogo.

Nawaachieni maoni yangu. Sipingi mapatano ya kabla ya ndoa. Mtu aliyefiwa, mwenye watoto, ana haki ya kulinda jasho la marehemu mwenzake, na mwanamke mwenye mali yake ana haki hiyo hiyo dhidi ya mume mpya. Ninachokipinga ni karatasi ya upande mmoja, inayoletwa wiki sita kabla ya harusi, ikimtaka mtu aache asichokijua bila kupewa chochote, halafu ikaitwa utaratibu. Naona Bunge letu lingefanya jambo la heri kuitazama ile sentensi ya mwaka 1865 kama India ilivyoitazama mwaka 2002, na kuzitazama kanuni za mila za mwaka 1963 zinazofanya kazi hiyo hiyo bila hata karatasi. Kama sentensi hiyo itabaki, basi irudishiwe nusu yake ya kwanza: asiyepokea asihesabiwe kuwa ameacha.

Harusi ilifana. Mimi nilikaa meza ya wajomba. Yule mtoto mkubwa wa bwana harusi, aliyekuwa amenuna, ndiye aliyesimama kumkaribisha bibi harusi katika familia. Alimwita "mama mdogo" mbele ya watu wote, na nilimwona mpwa wangu akijifuta macho kwa ncha ya kilemba.